Kila usiku najiona nimepungua, asubuhi sitoki kitandani

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama wa miaka 49, nauza vitenge sokoni Mbuyuni hapa Moshi, nakaa Pasua. Mwaka huu nimepimwa presha mara kadhaa, inacheza kwenye 150 kwa 95. Nimepewa dawa na nikaambiwa nitembee. Raba nimenunua, bado ziko kwenye boksi. Nilisikia redioni kwamba kuna mazoezi ya akili: ukijiona kichwani unafanya mazoezi, mwili unafuata wenyewe, hata misuli inajengeka. Basi kila usiku najiona nimepungua, nimevaa gauni kwenye harusi ya mwanangu, watu wananishangaa. Ni raha kweli. Lakini alamu ya saa kumi na moja alfajiri ikilia, naizima. Jioni nayo, bodaboda wote pale wananijua. Siku niliyojaribu kutembea mmoja aliniuliza, "Mama, leo biashara mbaya, umekosa hata nauli?" Nikaona aibu, nikapanda. Zamani shuleni nilicheza netiboli mpaka mkoani, sijui ule mwili ulienda wapi. Je, haya mazoezi ya akili ni kweli au ni maneno ya redioni? Na binti yangu anataka mwakani twende wote zile kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon. Nitaweza?

JIBU: Salama mama, na pole na presha. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Arusha, na wengi wanaoletwa kwangu kwa ajili ya presha au sukari wana raba kwenye boksi kama wewe, kwa hiyo usijione uko peke yako. Nianze na lile kubwa. Mazoezi ya akili ni ya kweli, yamepimwa, na mtu wa hali yako yanaweza kumsaidia sana. Tatizo ni kile unachojionesha usiku. Umekuwa ukiitazama harusi. Mimi nataka uanze kuutazama mlango wa duka lako saa kumi na moja na nusu jioni, mkono wako ukiwa kwenye kufuli.

Kwanza tuiondoe habari ya misuli. Haikutoka hewani. Mwaka 2004 watafiti wa Cleveland, Marekani, walichapisha matokeo ya watu waliokaa kimya wakiwaza, kwa nguvu zote, kwamba wanasukuma kidole kidogo cha mkono kwenda pembeni. Walifanya hivyo dakika 15 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 12. Nguvu ya kidole iliongezeka kwa asilimia 35. Waliofanya zoezi lenyewe kwa vitendo walipata asilimia 53. Kilichoboreka kwa wale wa kuwaza ni amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye msuli, na ndiyo maana sisi wa fiziotherapia tunatumia kuwaza huko kwa mtu aliyepata kiharusi ambaye mkono bado haumtii. Lakini presha yako inahitaji moyo uende kasi kidogo na mishipa ifunguke, tena mara nyingi kwa wiki. Kazi hiyo inafanywa na miguu. Akili kazi yake ni kuitoa miguu nje.

Sasa harusi. Yuko mwanasaikolojia Mjerumani anayefundisha Chuo Kikuu cha New York, Gabriele Oettingen, ambaye ameshughulika na jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1991 yeye na Thomas Wadden walichapisha utafiti wa wanawake 25 wanene waliokuwa wakianza mpango wa kupunguza uzito. Kabla ya kuanza waliulizwa mambo mawili yanayofanana lakini si mamoja: unatarajia kufanikiwa kwa kiasi gani, na ukijiona mbele ya safari, picha inayokujia ikoje? Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa na matarajio makubwa ya kufanikiwa ndio waliopungua zaidi. Waliokuwa na ndoto tamu kuliko wenzao walipungua kidogo, na tofauti yao na wale wenye ndoto zisizo tamu ilikaribia kilo 11.

Matokeo hayo yanawashangaza wengi, maana tumezoea kuambiwa tuote makubwa. Mwaka 2011 Oettingen na mwenzake Heather Kappes walionyesha sababu mojawapo. Mtu akishajiwazia jambo likiwa limekamilika, mwili unalegea kana kwamba kazi imeisha. Hata ile namba ya juu ya presha inashuka kidogo. (Usiifanye kuwa dawa, mama. Kushuka huko ni kwa muda mfupi tu, nacho ni dalili ya mwili kupoa.) Nadhani unaelewa sasa kwa nini usiku ni raha na alfajiri ni mzigo. Harusi umeshaihudhuria, umeshapongezwa, umeshalala. Alamu inapolia, hakuna kinachokuita.

Simaanishi uache kutumaini. Rudi kwenye wale wanawake 25: matarajio yaliwasaidia. Kuamini kwamba unaweza kutembea ni jambo moja, na kujipa zawadi ya safari ambayo hujaenda ni jambo jingine.

Kuna utafiti mmoja ningependa uujue vizuri, kwa sababu walioshiriki ni wanawake wa rika lako. Ulifanyika Ujerumani, ukachapishwa mwaka 2009 na Gertraud Stadler, Oettingen na Peter Gollwitzer. Walichukua wanawake 256 wa umri wa miaka 30 hadi 50. Wote walipewa maelezo ya faida za mazoezi, kama hayo uliyopewa wewe kliniki. Nusu yao wakafundishwa juu yake zoezi fupi la akili nitakalokueleza hapa chini. Kundi hilo la pili lilifanya mazoezi karibu mara mbili ya lile la kwanza, karibu saa moja zaidi kila wiki, na baada ya miezi 4 tofauti ilikuwa bado ipo. Hawakulipiwa gym wala hakuna aliyekuwa akiwagongea mlango alfajiri.

Zoezi lenyewe ni hili. Kaa kwenye kigoda chako dukani, mchana ule wateja wanapopungua, simu iwe mbali. Taja tamanio moja linalowezekana ndani ya mwezi huu, kwa maneno machache: kutembea kutoka dukani hadi nyumbani siku 4 kwa wiki. Jiulize ni jambo gani zuri kuliko yote litakalotokana na hilo, ulione, ulisikie. Hapa harusi inaruhusiwa kuingia, ikae dakika moja au mbili. Kisha geuka. Jiulize: ndani yangu mimi, ni nini kinachonizuia? Usikimbilie jibu la kwanza. Ukilipata, nalo litazame kwa makini vilevile, lilivyo, linavyokupata, mahali linapokukuta. Mwisho kabisa unaliwekea mpango. Utaratibu huu usiupindue. Watafiti walipojaribu kuanza na kizuizi ndipo waje kwenye tamanio, faida ilipotea. Tamanio likitangulia ndipo kizuizi kinaonekana kuwa kitu kilichosimama kati yako na jambo unalolitaka.

Katika barua yako vizuizi viko viwili, na naomba tuvitenganishe.

Alamu ya saa kumi na moja alfajiri mimi siihesabu. Saa hiyo Moshi bado ni giza, jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu, mbwa wa watu bado wako nje ya mageti, na mwanamke peke yake barabarani ana haki ya kuogopa. Ulipoizima alamu ulifanya jambo la busara, ukajilaumu bure. Ushauri wa kutembea alfajiri mara nyingi hutolewa na wanaume, na hawafikirii njia anayopita mama. Futa alamu hiyo leo. Jioni ukifunga duka mapema kidogo bado una saa nzima ya mwanga, na watu wamejaa njiani.

Kizuizi chenyewe ni yule kijana wa bodaboda. Au tuseme, ni kile kilichotokea kifuani mwako alipouliza. Mama, hili ni jambo zito, na nasikitika kwamba tunaofundisha mazoezi hatulizungumzi. Kwetu huku anayetembea ni aliyekosa nauli. Mfanyabiashara mwenye duka lake anayepita kwa miguu na pochi kwapani anaonekana ameanguka. Akipungua uzito, ndipo wanaanza kunong'ona kwamba anaumwa, na kila mtu anajua ni ugonjwa gani wanaoutaja. Nimewasikia akina mama wa Ngarenaro na wa Sakina hapa Arusha wakisema maneno hayohayo kama yako. Mtu anaweza kuwa na raba, muda na afya ya kutosha, swali moja la barabarani likamrudisha kwenye siti ya pikipiki. Na hakuna daktari aliyempa jibu la kumpa yule kijana, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Basi tulitayarishe jibu. Liwe fupi, liwe lako, ulitamke kwa sauti ukiwa nyumbani mpaka ulimi ulizoee. Kwa mfano: "Biashara iko vizuri, natembea kwa ajili ya presha." Au kama hutaki ugonjwa wako ujulikane: "Leo nanyoosha miguu, utanipeleka kesho." Unalisema huku unatembea, husimami. Ukisimama umeshaingia kwenye mazungumzo, na kutoka kwenye mazungumzo mpaka kwenye siti ni hatua moja.

Sasa tuufanye mpango. Peter Gollwitzer, yule niliyemtaja, ndiye aliyeonyesha kwamba mtu akifunga nia yake kwenye saa na mahali, au kwenye tukio analojua litatokea, nafasi ya kutenda inaongezeka sana. Utafiti unaotajwa mara nyingi kwa upande wa mazoezi ulifanyika Uingereza, ukatoka mwaka 2002. Wanafunzi 248 wa chuo waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza halikupewa chochote cha maana; wiki iliyofuata asilimia 38 walifanya mazoezi angalau mara moja. La pili lilipewa maelezo makali kuhusu ugonjwa wa moyo, asilimia 35. La tatu lilipewa maelezo yaleyale, kisha kila mmoja akaandika ni siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanya, asilimia 91. Hao walikuwa vijana, ilikuwa wiki moja, na walijieleza wenyewe, kwa hiyo usitarajie muujiza wa ukubwa huo. Tafiti nyingi zilipokuja kujumlishwa, faida ilionekana kuwa ya kadiri. Lakini ipo, na gharama yake ni kalamu. Ona pia lile kundi la pili: kumtisha mtu peke yake hakukumwinua.

Wewe chukua daftari lako la mauzo, ukurasa wa nyuma, andika sentensi hizi au zinazofanana nazo:

Nikishafunga kufuli la duka saa kumi na moja na nusu, Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, nitavaa raba hapohapo mlangoni.

Bodaboda akiniita au akiniuliza kuhusu nauli, nitamjibu jibu langu nikiwa natembea.

Mvua ikiwa inanyesha wakati wa kufunga, nitapanda hadi nyumbani, kisha nitatembea sebuleni na uani dakika 15 kabla sijakaa.

Umeona raba ziko wapi? Zitoe kwenye boksi leo, zihamie dukani, chini ya meza ya kukunjia vitenge. Raba zilizoko Pasua haziwezi kukusaidia ukiwa Mbuyuni. Na kama njia nzima ni ndefu kwa kuanzia, tembea nusu, halafu panda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliondoa ile sharti ya zamani kwamba zoezi lisilofika dakika 10 mfululizo halihesabiki. Sasa kila dakika inahesabiwa.

Baada ya kuandika, ndipo ile picha ya usiku inabadilika. Usiache kujiwazia kabla ya kulala, maana tabia hiyo unayo tayari na ni mali. Badilisha kinachoonekana. Kwenye harusi unajitazama kutoka nje, kama wageni wanavyokutazama. Sasa ingia ndani ya macho yako mwenyewe. Kitenge cha mwisho kimekunjwa. Ufunguo uko mkononi, kufuli linagoma kidogo kama kawaida yake. Unainama, unafunga kamba za raba, goti la kulia linalalamika. Unasimama. Unasikia pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yako, sauti unayoifahamu inaita "Mama!", tumbo linabana, na jibu lako linatoka. Pikipiki inapita. Unaendelea, vumbi, harufu ya mahindi ya kuchoma, watoto wa shule wanakupita. Dakika mbili au tatu za kuwaza zinatosha. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, watafiti wawili, Pham na Taylor, waliwafanyia wanafunzi jambo linalofanana na hili na kulichapisha mwaka 1999: waliojiwazia wakikaa kusoma, mezani, na vitabu, walisoma saa nyingi zaidi na kupata alama za juu kuliko waliojiwazia wakishangilia matokeo mazuri.

Huko Plymouth, Uingereza, wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 Linda Solbrig, Jackie Andrade na wenzao walichapisha utafiti wa watu wanene waliofundishwa kujiwazia kwa hisi zote, kuona, kusikia, kunusa, na kufungamanisha kuwaza huko na jambo la kila siku kama kuchemsha maji ya chai. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wamepungua wastani wa kilo 6.44. Wenzao, waliopewa muda uleule wa mazungumzo ya ushauri bila zoezi hilo, walipungua kilo 0.67. Kwa hiyo ukitaka kuongeza nafasi ya pili ya kuwaza mbali na kitandani, ifunge kwenye kile kikombe chako cha chai cha saa nne.

Nije kwenye netiboli, kwa sababu nadhani uliitaja kwa huzuni na mimi naiona kuwa hazina. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, Biondolillo na Pillemer, waliwaomba wanafunzi wakumbuke tukio moja zuri la mazoezi ambalo lingewapa hamu ya kufanya tena. Waliokumbuka walieleza kufanya mazoezi zaidi katika siku 8 zilizofuata kuliko wale ambao hawakuombwa kukumbuka chochote. Jambo ni kuchagua tukio moja lenye mahali na saa. "Nilikuwa mzuri wa netiboli" ni sifa tu, haiamshi kitu. Tafuta ile mechi. Ardhi ya uwanja ilikuwa ya moto au imelowa? Nani alikurushia mpira? Uliporuka, pumzi ilikuwaje? Kaa hapo kwa dakika moja kabla ya kufunga duka. Ila ukiona unaanza kulinganisha mwili ule na huu wa leo na moyo unashuka, liache tukio hilo, chukua jingine lisilo na mashindano: kuteremka na wenzako kutoka mlimani kwenda sokoni, kubeba majani ya ng'ombe huku mnaimba, safari yoyote ambayo miguu yako ilikufikisha na ukafurahi. Miguu iliyokupeleka mkoani haikuondoka. Inahitaji kukumbushwa polepole.

Jambo lingine linalowarudisha watu ni dakika za mwanzo. Mtu akiwa amekaa na kuwaza kutembea, akili inakwenda moja kwa moja kwenye mwanzo: kuinuka, joto, mapaja kuwa mazito. Matthew Ruby na wenzake kule British Columbia, Kanada, walionyesha mwaka 2011 kwamba watu hukadiria raha ya mazoezi kuwa ndogo kuliko wanavyokuja kuiona, hasa kwa sababu wanatazama ule mwanzo mbaya tu. Walipoelekezwa kufikiria sehemu nzuri, matarajio yao yalipanda, na nia ya kufanya mazoezi pia. Kwa hiyo ile picha yako ya usiku isiishie kwenye kufuli. Ipeleke mpaka dakika ya 15, pale pumzi imeshatulia, mikono inajiendea yenyewe, na kelele za soko zimebaki nyuma.

Kama una kipindi unachokipenda, kwaya, taarabu, mchezo wa redio, kiwekee sharti: unakisikiliza unapotembea tu. Katherine Milkman na wenzake Marekani walijaribu hili kwa vitabu vya kusikiliza vilivyofungiwa gym, na mwanzoni waliofungiwa vitabu hivyo walikwenda gym kwa asilimia 51 zaidi ya wenzao. Baada ya likizo hamu ilififia, kwa hiyo lichukue kama msaada wa wiki za kwanza. Sikio moja libaki wazi, pikipiki hazina breki za kuaminika.

Kuhusu mwili wenyewe nitasema machache, ila yashike. Lengo la mbele ni dakika 150 kwa wiki, za mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Tumia kipimo hicho cha maneno badala ya kuhesabu mapigo, kwa sababu baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo ya moyo na hesabu itakudanganya. Kama mojawapo ya dawa zako ni ile inayokukojoza, beba maji, hasa Januari na Februari Moshi inapowaka. Usisimame ghafla ukiwa na kasi. Punguza mwendo dakika chache za mwisho ili usipate kizunguzungu. Mtu mwenye presha akidumu na mazoezi ya namna hii, namba ya juu hushuka kwa kama 5 hadi 8. Si kidogo hata kidogo. Siku ukipima ukakuta 180 kwa 110 au zaidi, usitoke kutembea, rudi hospitali. Na ukiwa njiani ukasikia kifua kinabana, pumzi inakata isivyo kawaida, au upande mmoja wa mwili unalegea, simama, omba msaada, ukimbizwe hospitali. Hapo bodaboda apandwe bila kujiuliza.

Utakosa siku. Mzigo utafika kutoka Dar, kutakuwa na msiba, masika itaanza Machi. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, wakachapisha mwaka 2010: kwa wastani jambo lilichukua siku 66 kuwa la kujiendea, wengine siku 18, wengine ilikadiriwa 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Siku inayofuata unafunga kufuli na kuvaa raba, huna deni la kulipa.

Kuhusu kilomita 5 na binti yako: ndiyo, nenda, mradi daktari wako wa presha ameridhika na namba zako. Mbio hizo huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, pale Chuo Kikuu cha Ushirika, na kwenye zile kilomita 5 wengi wanatembea na kupiga soga, hutakuwa peke yako. Kwa mwendo usio wa haraka ni kama saa moja na robo. Ukianza na siku 4 za jioni, mwezi wa kwanza dakika 15 au 20, ukiongeza dakika 5 kila baada ya wiki mbili, utafika huko bila kujiumiza. Mwombe binti akuandikie sentensi yake naye: Jumapili mkitoka kanisani, mtatembea wote njia ndefu, kule Shanty Town kwenye vivuli. Na kila Jumapili kabla ya kutoka, kaa dakika 5 umetulia, pima presha mkono uleule, andika kwenye daftari lile la mauzo, uende nalo kliniki. Ikianza kusomeka chini ya 140 kwa 90 wiki kadhaa mfululizo, dawa usipunguze mwenyewe. Mwoneshe daktari namba hizo, aamue yeye.